Kukisi Tanga Mkondoni Lamu

Wengi wanaokwenda Lamu kutazama mashindano ya mashua husimama ufuoni Shela, penye ngoma na vifijo. Wanaziona mashua zikiondoka, wanaziona zikirejea, na katikati ya hapo wanakunywa madafu na kupiga picha. Jambo lenyewe la kutazamwa liko mbali nao kidogo, majini, kwenye boya. Mashua mbili zenye ukubwa mmoja na tanga sawa, katika upepo ule ule, zaweza kwenda bega kwa bega kwenye mwendo ulionyooka, wala aliye pwani asijue ipi iko mbele. Zikifika boyani, moja hugeuka na kushika njia, na nyingine hubaki nyuma urefu wa chombo kizima, pengine viwili. Tofauti hiyo hailetwi na upepo. Huletwa na watu waliomo na jinsi walivyozoeana.

Nimekuwa nikilitazama jambo hili kila nipatapo nafasi, na kadiri ninavyolitazama ndivyo linavyozidi kunishangaza. Msomaji anivumilie nilieleze polepole, maana lenyewe hutokea upesi mno.

Tanga la mashua limefungwa kwenye foromali, mti mrefu ulioning'inizwa mlingotini kwa henza. Foromali hailali wala haisimami. Imeinama, ncha ya mbele ikishuka karibu na omo, ncha ya nyuma ikipanda angani kuliko mlingoti. Mlingoti nao haukusimama wima. Umeinamia mbele, na mgeni asiyejua hudhani umelegea. Mwinamo huo ni wa makusudi: unaipa foromali nafasi ya kuning'inia mbele bila kugongana na mlingoti kila wimbi linapopita. Tanga, basi, liko upande mmoja wa mlingoti. Chombo kikigeuka na upepo ukaanza kuja kutoka ubavu wa pili, kitambaa hugandamizwa kwenye mlingoti, umbo lake huharibika na nguvu zake hupotea. Kwa hiyo ni lazima kuhamishwa. Kazi hiyo ndiyo kukisi.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Nahodha anasukuma usukani. Papo hapo kamba ya demani, ile inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, inalegezwa, na tanga linaanza kupigapiga. Mabaharia wawili walioko mbele wanaushika mguu wa foromali na kuuvuta nyuma, hadi kwenye shina la mlingoti, mpaka foromali isimame wima pamoja na tanga lake lote. Kwa kitambo kidogo chombo hakina nguvu ya kukisukuma. Kinakwenda kwa mbio zake za awali tu. Kisha foromali inapitishwa upande wa pili, kitambaa kikizunguka mbele ya mlingoti, na mwenye demani anakimbia na kamba yake kuizungusha. Mguu unasukumwa tena mbele, upande mpya. Demani inakazwa. Tanga linajaa kwa kishindo ambacho husikika mpaka pwani ikiwa upepo unavuma kuelekea huko.

Hayo ni ya tanga tu. Wakati huo huo kuna ubao mrefu uliochomozwa nje ya ubavu wa joshi, yaani upande unaotokea upepo, na juu yake wamekaa vijana kwa mstari, wa mwisho akiwa mbali kiasi kwamba chini yake hakuna chombo, ni maji matupu. Uzito wao ndio unaozuia mashua isilale. Chombo kinapogeuka, upande uliokuwa wa joshi unakuwa wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, na uzito uliokuwa unaokoa sasa unazamisha. Basi vijana wanarudi ndani, ubao unavutwa na kutolewa upande wa pili, mifuko ya mchanga iliyotiwa iwe farumi inahamishwa, na vijana wanatoka tena kukaa juu ya ubao, huku mmoja akiendelea kukumba maji, kwa sababu maji hayangoji mtu amalize kazi nyingine. Yote haya hufanyika ndani ya chombo ambacho watu wakisimama sawasawa hugusana mabega. Kamba ikinasa mguu wa mtu mmoja, kila kitu kinasimama. Vijana wakichelewa kutoka, mashua inalala na kunywa maji. Wakiwahi mno, kabla tanga halijajaa, inalalia upande mwingine, upande wa uzito wao.

Mtu anayesikia maelezo haya angedhani kuna kelele nyingi za amri. Katika mashua mbovu zipo. Katika mashua nzuri nahodha hutamka neno moja, na mara nyingine hata hilo hulisikii. Anaubana usukani kwapani na wenzake wanahisi chombo kinavyoanza kuzunguka, na kila mmoja anakwenda mahali pake. Nimewahi kuwakazia macho mabaharia wa mbele peke yao, nikiacha mengine yote, na nilichokiona ni kwamba mikono yao hufika kwenye mguu wa foromali kabla demani haijalegezwa kabisa. Hawangoji kazi ya mwenzao iishe. Wanajua itakapoishia.

Ujuzi wa namna hii haufundishwi kwa maneno. Mtoto wa Lamu huanza na kukumba maji. Anakaa chini, katikati ya chombo, na kibuyu au kopo la plastiki, na kwa kuwa yuko chini anaona kila mguu unapokwenda na kila kamba inapopita. Baadaye hupandishwa kwenye ubao. Baadaye, akiwa na mikono mizuri, hupewa demani. Usukani huja mwisho, na si kwa kila mtu. Kuna watu waliozeeka wakiwa mabaharia wa mbele na hawakutamani kingine, na manahodha huwagombania.

Nahodha ana kazi ya pili isiyoonekana, nayo ni kuusoma mkondo. Mlango wa bahari kati ya Lamu na kisiwa jirani cha Manda ni mwembamba, na ndani yake kuna mambo mawili yasiyopatana. Mashindano ya Mwaka Mpya huangukia wakati wa kaskazi. Upepo huo unakuja juu ya Manda, kwa hiyo kando ya Manda maji huwa shwari lakini upepo wenyewe hukatikakatika, ukikingwa na miti na mikoko. Upande wa Lamu upepo ni mzima lakini mawimbi mafupi hukirudisha chombo. Halafu kuna maji yenyewe. Yanapojaa huingia kutoka baharini kupitia Shela na kupanda kuelekea mjini. Yanapokupwa hurudi njia ile ile, na katikati ya mkondo ndiko yanakokwenda kwa kasi zaidi kuliko kandoni. Anayebisha, yaani anayekwenda akiukabili upepo, kuelekea mjini maji yakijaa hukaa katikati, abebwe. Maji yakigeuka, mahali pale pale panakuwa adui yake, na inambidi ajibane kandoni, penye maji haba, akijua fika kwamba fungu la mchanga liko karibu na mkuku wake. Ikiwa ni bamvua, maji hayo yana nguvu ya kutosha kuupindua mpango wowote uliofanywa ufuoni. Ndiyo maana manahodha wakubwa huonekana siku za kabla ya mashindano wakiwa wamekaa tu barazani, wakitazama maji. Wako kazini.

Kule kwenye ncha ya ubao, kijana wa mwisho naye anasoma. Anatafuta weusi unaotambaa juu ya maji, alama ya upepo mkali unaokuja. Akiuona anajisogeza nje kabla haujafika, na wenzake wanafuata. Kazi ya upepo huo ikishakwisha wamekwisha kurudi ndani. Kwa anayetazama kutoka mbali, mashua inaonekana kama haikuguswa na kitu.

Nimeanza na mabaharia kwa sababu wao ndio ninaowapenda zaidi. Lakini ustadi wao ungekuwa bure kama fundi wa tanga angekosea. Tanga hukatwa chini, uwanjani, vipande virefu vya kitambaa vikiunganishwa kwa mkono, na pembeni mwake kote hushonewa kamba ya kulishikilia. Mtu angefikiri kitambaa kikilala bapa chini basi tanga limekamilika. Sivyo. Tanga linatakiwa liwe na tumbo, na tumbo hilo fundi hulitia kwa namna anavyopunguza na kuongeza pindo la kila kipande, na kwa jinsi anavyoivuta kamba ya pembeni wakati wa kushona. Tumbo kubwa linafaa upepo ukiwa nyuma. Katika kubisha linakuwa mzigo, maana chombo hakiwezi kuukaribia upepo. Tumbo dogo hufaa kubisha, lakini upepo ukipungua chombo hulala usingizi. Fundi anakata akijua ni bahari gani, ni miezi gani, na nani atakayeshika usukani. Halafu anajua kwamba pamba hunyooka ikishatumika, kwa hiyo hakati tanga lilivyo leo, anakata litakavyokuwa. Hakuna karatasi popote. Ukimwuliza vipimo, anakujibu kwa mwili wake: pima, dhiraa, shibiri, wanda.

Na chini ya tanga kuna chombo. Upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa kuna kijiji cha Matondoni, na vyombo vimeundwa pale vizazi na vizazi. Ukifika kwa punda au kwa mashua, sauti ya kwanza ni ya tezo kwenye mbao, halafu ya nyundo. Keekee haina sauti kubwa. Fundi huivuta mbele na nyuma kwa uta, akitoboa tundu kwanza ili msumari usiupasue ubao. Msumari nao huzungushiwa pamba kabla ya kupigwa, ili maji yasipenye pembeni mwake. Katikati ya mbao huingizwa pamba iliyolowa mafuta, ikagongwa kwa patasi butu, na huko ndiko kukalafati. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na haionekani tena chombo kikishapakwa. Fundi mwema huifanya kwa uangalifu ule ule chini ya mkuku, asikofika mtu, kama anavyofanya kwenye ubao wa juu.

Kinachonivuta zaidi Matondoni ni mataruma, zile mbavu za ndani. Ubao ulionyooka ukikatwa kwa kupinda, nyuzi zake hukatika, na chombo huvunjikia hapo hapo. Kwa hiyo taruma zuri halichongwi likapinda. Hutafutwa likiwa limepinda lenyewe. Mafundi huingia kwenye mikoko na msituni, wakitazama juu, wakitafuta tawi la mlilana au mkomafi lililokua kwa kona inayolingana na mahali fulani katika chombo ambacho bado hakijawapo. Fundi ana mashua nzima kichwani, taruma moja baada ya jingine, na anautembeza msitu mbele ya macho yake mpaka mti mmoja ulingane. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini hata hapa mti wenye kona nzuri haupatikani kila siku, na marufuku ya serikali ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 iliwafanya wengi wakae bila kazi. Mikoko inastahili kulindwa. Ni mazalio ya samaki na ngome ya pwani. Lakini fundi anayechukua tawi moja baada ya kutembea siku nzima hakupaswa kupimwa kwa mizani ya anayejaza jahazi kwa boriti.

Kabla ya mashindano mashua hulazwa ufuoni maji yakipwa. Hukwanguliwa kombe na majani ya bahari, kisha hupitishiwa moto wa makuti makavu tumboni mwake ili wadudu wanaotoboa mbao wafe. Kazi hiyo hutaka jicho. Moto mdogo hauui, mkubwa unachoma pamba ya kalafati. Baada yake hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, na wale wanaoshindana huisugua kwa viganja mpaka iwe laini kabisa, wakitafuta kila chembe iliyoinuka. Nimeona watu wazima wakibishana kwa heshima kubwa juu ya eneo la upana wa kiganja.

Sasa niseme ninaloliamini. Mashindano haya si pambo la utalii, ingawa watalii huyapenda na hoteli huchangia zawadi. Ni mahali pa mwisho ambapo ujuzi huu unadaiwa kwa ukamilifu wake. Siku za kazi, wavuvi na wachukuzi wengi wa Lamu wametia injini, na nani awalaumu? Injini humfikisha mtu sokoni samaki wakiwa wazima. Wenye mashua za watalii huinua tanga jioni, upepo ukiwa mwepesi, na kuliacha upande mmoja mpaka wateja warudi. Kukisi tanga kwa mbio, mkondo ukivuta upande huu na kaskazi ikisukuma upande ule, na mwenzako akiwa urefu wa mkono kutoka kwako, hakuna biashara inayomtaka mtu afanye hivyo tena. Ni mashindano ya Shela dhidi ya Matondoni peke yake yanayomtaka afanye. Kijana anayejifunza demani leo hajifunzi kwa ajili ya mshahara. Anajifunza kwa sababu kijiji kizima kitakuwa ufuoni.

Hofu yangu kwamba ujuzi huu utapotea haikuzuka hivi hivi. Watu wa visiwa hivi, Wabajuni hasa, waliwahi kuunda mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja, mbao zake zikishonwa kwa kamba ya nazi na tanga lake likisukwa kwa miyaa. Ulipita baharini kwa karne nyingi. Majahazi ya misumari yalipouzidi nguvu, hakuna aliyeendelea kuushona kwa furaha tu, wala hakukuwa na siku ya mwaka ambayo kijiji kilimtaka mtu auendeshe. Katika kizazi kimoja au viwili mikono iliyojua ikaisha. Zanzibar ilipoamua kuunda upya mtepe, mwaka 2003, ilibidi kutegemea vielelezo vya makumbusho na picha za zamani. Kazi ile ilikuwa ya kuheshimika, na chombo kikawekwa katika jumba la makumbusho la Beit-al-Ajaib kionekane. Lakini kilikuwa chombo cha kutazamwa. Mvutano wa kamba, namna chombo kinavyojipinda na kurudi mawimbini bila kupasuka, na sauti inayomwonya fundi kwamba uzi unalegea, hayo picha haikuyahifadhi.

Mafundi wa Lamu hawana woga wa mambo mapya, na ni muhimu hilo lisemwe. Mwaka 2018 walimaliza kuunda Flipflopi, dau la mita tisa lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini, likavikwa malapa ya rangi zote. Mwanzoni mwa 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita zipatazo 500, likitua miji ya njiani na kuzungumza na watu kuhusu taka. Dunia ilishangilia plastiki. Mimi nilishangilia mafundi. Plastiki haina nyuzi kama mti. Haikuambii inapotaka kupinda wala inapokaribia kupasuka, na jua la mchana hubadilisha tabia yake. Kuichukua malighafi hiyo isiyo na desturi yoyote, ukaifanyia kazi kwa tezo na jicho mpaka ikawa dau linalobisha baharini, ni ushahidi kwamba ujuzi wao haukufungwa kwenye mti. Umo katika kujua chombo kinatakiwa kifanye nini. Na tanga la Flipflopi, ingawa mwili wake ulikuwa mpya kabisa, lilikisiwa na mabaharia waliojifunza mkondoni mle mle.

Sasa kuna bandari mpya kwenye Ghuba ya Manda, na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Vijana wa visiwani wanaitazama kwa matumaini ya kazi, na wana haki. Sioni kwa nini anayefanya kazi bandarini siku za wiki asikae kwenye ncha ya ubao siku ya mashindano. Ninachoomba ni kwamba siku hizo zipewe uzito. Kamati zisizipunguze kuwa onyesho la nusu saa mbele ya jukwaa la wageni rasmi. Njia ya mashua ibaki ndefu, na iwe na maboya ya kutosha, kwa sababu kila boya ni mtihani wa kukisi, na mashindano ya kwenda na kurudi tu hayamtahini mtu chochote. Zawadi ya tanga jipya lililoshonwa Lamu ina maana kubwa kuliko bahasha ya fedha, kwani inamlipa fundi wa tanga pia, na mwaka unaofuata inarudi majini.

Anayetaka kwenda atapata nafasi zaidi ya moja. Kuna mashindano ya Mwaka Mpya mbele ya Shela. Kuna Maulidi, katika Mfungo Sita, wageni wanapofika kutoka Tanzania, Komoro na kwingineko kwenye Msikiti wa Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na mji mzima hujaa kasida mchana na usiku, na kando yake mbio za punda na za mashua. Kuna pia tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, wakati kusi imekwisha kuondoka na kaskazi haijakaa sawasawa, upepo ambao huwatesa manahodha kuliko wowote. Mji wenyewe, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, utautembea kwa miguu. Kutoka hapo hadi Shela ni mwendo wa kama dakika 40 kando ya maji.

Ukifika, usisimame kwenye mstari wa mwisho. Mwombe mwenye chombo chochote, kwa adabu na mapema, akuchukue hadi karibu na boya la mbali, upande wa demani ili usiwakingie upepo wanaoshindana. Acha kutazama nani anaongoza. Chagua mashua moja, na ndani ya mashua hiyo chagua mtu mmoja, yule wa mguu wa foromali au yule wa demani, na umtazame yeye tu tangu nahodha anapousogeza usukani mpaka tanga lijae upya. Duru inayofuata mtazame mwingine. Mashua zikipita mara ya tatu utakuwa umeanza kujua ni ipi itakayoshinda, na utajua kabla ya watu wa ufuoni.